Fremu ya barabara kuu au ya ndani mtaani? Kabla hujalipa kodi ya miezi sita unapima nini?

#1 Pima Kwanza
Habari za leo wakuu.

Naweka hoja mezani ichambuliwe. Kwa duka la mahitaji ya nyumbani (mchele, unga, mafuta, sabuni, vocha) hapa Dar, fremu inayotazama barabara kuu ni mtego. Bagamoyo, Mandela, Nyerere, Kilwa, zote sawa. Unalipia magari yanayopita, na gari halinunui robo ya sukari. Fremu iliyo mita 100 hadi 200 kutoka kituoni, kwenye njia ambayo watu wanashuka daladala na kuingia mtaani kwa miguu, kodi yake ni nafuu na mteja ni yule yule kila jioni.

Namna ya kupima: kaa mbele ya fremu, hesabu wapita njia kwa dakika 15, zidisha mara 4 upate saa moja. Fanya Jumatano na Jumamosi, kila siku mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 12 jioni. Usiishie kwenye vichwa. Hesabu pia wangapi wanaingia duka la jirani linalouza vitu kama vyako. Wakipita 400 kwa saa na wakaingia 12, hapo ni watu 3 kwa kila 100. Na ukifungua pembeni yake hupati 12 wengine, mtagawana hao hao, labda waongezeke kidogo.

Usipime mwisho wa mwezi wala siku ya sikukuu. Usipime wakati shule zimefungwa kama pana shule karibu.

Nani ana kipimo bora kuliko hiki?

#2 Kona ya Likoma
Mkuu, hicho kipimo ni cha duka la mangi tu. Kariakoo hakifai kabisa. Mteja wa Kariakoo hapiti njia, anakuja na orodha mkononi. Anatoka Mbeya, Zambia, Kongo, Komoro, na anajua simu anazifuata Aggrey na Likoma, nguo Congo. Samani mtu anakwenda Keko, mitumba Karume, spea za magari Shaurimoyo. Ukiweka duka la spea pale watu wanapopita wengi lakini hakuna maduka ya spea, utakaa na bolti zako. Kanuni ya huku ni kukaa katikati ya washindani wako. Mteja anataka kulinganisha bei milango mitano bila kupanda bajaji.

#3 Mama Sahani
Uzi mzuri, nimekaa hapa.

#4 Hesabu Kali
Wote wawili mmeruka hatua. Kabla ya kuhesabu watu, hesabu fremu yenyewe inahitaji watu wangapi.

Tuseme kodi ni 300,000 kwa mwezi, kijana wa duka 150,000, umeme, taka na ulinzi 60,000. Jumla 510,000. Faida ghafi (mauzo ukitoa bei uliyonunulia mzigo) ya mahitaji ya nyumbani ni ndogo, weka asilimia 10. Maana yake unahitaji mauzo ya 5,100,000 kwa mwezi ili ufike sifuri tu. Gawa kwa siku 26, unapata karibu 196,000 kwa siku. Kama mteja mmoja anaacha wastani wa 2,500, hao ni wateja 78 au 79 kila siku, na wewe mwenyewe hujala.

Sasa ndipo unarudi kwenye hesabu ya #1. Kama kwa saa unategemea wateja 6 na unafungua saa 14, hao ni 84, na saa zote hazilingani. Umepona kwa uzi. Fremu hiyo hiyo ukiweka saluni au fundi simu, ambapo faida ghafi ni kubwa zaidi, kodi ile ile haikuumizi. Kwa hiyo hakuna fremu ghali wala rahisi peke yake. Kuna kodi inayobebwa na faida ya bidhaa yako, na kuna isiyobebeka.

#5 Pima Kwanza
Hesabu Kali, hapo nakubali, hesabu yako inatangulia yangu. Ila siku 26 kwa duka la mtaani? Hayo yanafunguliwa siku 30.

#6 Hesabu Kali
Ukiweka 30 unapata 170,000 kwa siku, wateja 68. Mimi naacha siku nne za mvua, msiba na umeme kukatika. Kila mtu achague, lakini asichague namba inayomfurahisha.

#7 Upande wa Jioni
Wakuu mnazungumzia barabara kana kwamba ina upande mmoja. Barabara ina upande wa asubuhi na upande wa jioni, na hizo ni biashara mbili tofauti.

Chukua Barabara ya Bagamoyo. Asubuhi watu wa Tegeta na Kunduchi wanaelekea Mwenge na Posta. Kituo cha upande huo kinauza supu, chapati, maji, vocha, gazeti. Hakuna anayenunua kilo mbili za nyama saa 12 na nusu asubuhi akapande nazo daladala. Jioni wanashuka upande wa pili wakirudi nyumbani, na hapo ndipo bucha, genge, chipsi, duka la dawa na duka la mahitaji vinapoishi. Bucha ikiwekwa upande wa asubuhi, mteja atalazimika kuvuka barabara ya njia nne akiwa amechoka. Havuki. Kama katikati kuna uzio au mtaro, ndiyo kabisa.

Jambo la pili: usikae kituoni penyewe. Pale watu wanasukumana, wapiga debe wanaziba mlango, bodaboda wamepanga pikipiki mbele ya baraza lako. Mahali pazuri ni hatua 30 hadi 60 kutoka kituoni, baada ya msongamano kulegea, upande ambao watu wanaingilia mtaani. Hapo mtu ameshakumbuka kwamba nyumbani hakuna mkate.

#8 Mbagala Rangi Tatu
#7 ni madini. Ila ongeza mwendokasi. Vituo vya mwendokasi vinakaa katikati ya barabara, kwa hiyo abiria anaweza kutokea upande wowote. Kinachoamua ni kivuko. Fremu inayotazama kivuko cha kituo ina watu asubuhi na jioni. Fremu iliyo mita 150 kutoka hapo, barabara ile ile, upande ule ule, wanaiona kupitia dirishani tu.

Na wakati wa ujenzi ni hatari. Angalieni Kilwa wakati wa awamu ya pili, Nyerere awamu ya tatu, na Bagamoyo awamu ya nne. Vumbi, mabati, njia za mchepuko, maegesho yanapotea. Mwenye nyumba hashushi kodi. Kabla ya kusaini uliza kama barabara hiyo ina mradi unaokuja, na mkataba uwe na kifungu cha kupunguza kodi au kuondoka bila adhabu endapo mlango utazibwa zaidi ya siku 30.

#9 Kona ya Likoma
Mwenye nyumba wa Dar akubali kifungu hicho? Labda fremu iwe imekaa tupu muda mrefu.

#10 Mbagala Rangi Tatu
Ndiyo maana unaanza kwa kuuliza imekaa tupu muda gani. Usimuulize dalali, yeye anasubiri ujira wake, kodi ya mwezi mmoja. Muulize mama lishe wa hapo, fundi viatu, vijana wa kijiwe cha boda. Maswali matatu: nani alikuwepo, aliuza nini, aliondoka mwezi gani. Fremu moja ikipokea wapangaji watatu wa biashara tatu tofauti ndani ya miaka miwili, tatizo si biashara.

#11 Fundi Volti
Natoka kidogo kwenye watu niingie kwenye jengo, maana wengi wanaangalia rangi ya ukuta na mlango wa kioo.

Umeme. Kama unaweka friza, nenda na mita ya fundi saa 2 usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, feni na pasi. Umeme wetu unatakiwa kuwa karibu volti 230. Ukikuta 185 au 190 saa hiyo, kompresa ya friza itafanya kazi kwa shida, itapata joto, na utabadilisha kompresa kabla ya mkataba kuisha. Mchana mita itakuonyesha 225 ukaridhika bure. Welding, mashine ya kusaga, oveni kubwa ya mikate: uliza kama kuna fezi tatu mpaka kwenye jengo. Kwenye nguzo tu haitoshi, kuivuta hadi ndani ni gharama nyingine na muda wa kusubiri.

LUKU. Fremu iwe na mita yake. Ukichangia na nyumba ya mwenye nyumba, mtagombana kila wiki. Ikishindikana, fungeni mita ndogo na mwandike usomaji wa siku ya kwanza ndani ya mkataba.

Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, na hiyo ni ya mwenye jengo. Andikeni itarudishwaje kwako.

Maji ya mvua. Angalia ukutani chini, kiasi cha kiganja hadi goti. Rangi iliyovimba ikiwa na unga mweupe ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, gunia la unga ukiliegemeza hapo linaharibika. Mstari wa matope ulionyooka, hasa nyuma ya kabati au nyuma ya mlango ambako hawakupaka rangi, ni mafuriko. Bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo, sehemu za Mikocheni na Msasani, usisaini kiangazi bila kuuliza masika ya Machi hadi Mei maji yanafika wapi.

Jua. Fremu inayotazama magharibi inachomwa kuanzia saa 9 mchana. Chokoleti, vipodozi, dawa, vitambaa vya rangi, vyote vinaharibika. Turubai la kivuli weka kwenye bajeti tangu mwanzo.

#12 Mama Sahani
Fundi, na choo? Kwa mgahawa choo na karo ya kuoshea vyombo ndivyo afisa afya anavyoanza navyo. Fremu nyingi hazina bomba ndani, unaambiwa utatumia la uani. Ukifika kwenye ukaguzi hupiti.

#13 Fundi Volti
Sahihi kabisa dada. Na maji machafu yanakwenda wapi. Kumwaga kwenye mtaro wa mvua ni faini.

#14 Mezani TRA
Hesabu Kali, hesabu yako ya #4 ni nzuri lakini umeacha kodi mbili.

Kwanza kodi ya zuio. Ukipanga kwa ajili ya biashara unatakiwa ukate asilimia 10 ya pango, uipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliolipa kuisha, na iliyobaki umpe mwenye nyumba. Pango la 3,600,000 kwa mwaka, unakata 360,000, yeye anapokea 3,240,000. Pili ushuru wa stempu kwenye mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani 36,000. Mkataba usiogongwa stempu utakusumbua kwenye usajili, na hata mahakamani mkifika huko.

Shida yenyewe: karibu kila mwenye fremu anasema "mimi nataka hela yangu kamili". Basi ile 360,000 inatoka mfukoni kwako.

#15 Hesabu Kali
Nimepokea. Tena hapo ni zaidi ya 360,000. Kama yeye anataka 3,600,000 mkononi, basi hiyo ni asilimia 90. Pango halisi ni 4,000,000 na zuio ni 400,000. Kwa mwezi ni kama 33,300 ya ziada, na kwa faida ya asilimia 10 ni mauzo mengine ya 333,000. Wateja wangu 78 wamefika 83 au 84.

#16 Mezani TRA
Ndivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali liwe: hiyo bei ni kabla au baada ya zuio? Na iandikwe. Ukimlipia, mpe nakala ya risiti, ni kodi yake na inamsaidia kwenye ritani yake (taarifa ya kodi anayopeleka TRA).

Kumbuka pia leseni ya biashara inafungwa na mahali. Ukihama fremu, unabadilisha taarifa za leseni na za TIN. Ukiwa na duka mbili, leseni mbili. Usifanye haraka kulipia leseni kabla ya mkataba wenye anuani sahihi.

#17 Sajili
Hakuna aliyegusa jambo linalowatoa watu kwenye fremu kuliko mauzo: nani mwenye mali?

Omba kuona hati au leseni ya makazi, jina lifanane na kitambulisho. Likiwa ni jina la marehemu, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na msaini na msimamizi. Usisaini na mtoto mkubwa, usisaini na shangazi anayekusanya kodi. Ndugu wakigombana, mkataba wako ndio wa kwanza kutupwa. Serikali ya mtaa ni mashahidi wazuri kwa sababu wanajua ugomvi wa kila nyumba.

Kariakoo kuna mpangaji wa mpangaji. Unalipa kilemba (hela ya kumpa aliyepo ili akuachie fremu), kisha mwenye jengo hakutambui. Kilemba kisichoandikwa na mwenye jengo kuridhia ni zawadi tu. Na majengo ya pale yanabomolewa kupandisha ghorofa, au yanachimbwa chini kuongeza maduka huku watu wakiuza juu. Baada ya ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mtu akisikia nyundo chini ya sakafu yake aondoke kwanza, kodi ataidai baadaye.

Barabara kuu: hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kwa nyingi. Ya Morogoro upande wa Kimara hadi Kiluvya, bomoabomoa ya 2017 ilihesabu zaidi ya mita 100. Beba futi kamba, pima. Angalia ukutani kama kuna X, hata iliyopakwa rangi juu.

#18 Pima Kwanza
Sajili, umeipa nguvu hoja yangu ya #1. Fremu za ndani hazina X.

#19 Sajili
Zina mirathi, mkuu. Hakuna upande salama.

#20 Graduate Mabibo
Samahani wakuu kwa kuingilia. Nina shahada ya biashara, natafuta kazi. Nawasoma hapa naona haya mambo hayakuwa darasani. Je, kampuni zinaajiri watu wa kuchagua maeneo? Na niandike nini kwenye CV?

#21 Hesabu Kali
Zinaajiri mdogo wangu, ila tangazo halisemi "mchagua fremu". Maduka yenye matawi, benki, vituo vya mafuta, minyororo ya famasi, kampuni za simu kwa upande wa mawakala. Cheo kinaweza kuitwa afisa maendeleo ya biashara, upanuzi, mtandao wa matawi, hata mauzo.

Fanya hivi. Chagua kampuni moja yenye matawi unayoyaona. Chagua eneo moja ambalo haina tawi. Pima kama #1, siku mbili, vipindi vitatu. Andika ukurasa mmoja tu: mchoro wa mtaa ukionyesha vituo, vivuko na washindani, jedwali la hesabu, makisio ya mauzo na kodi inayobebeka, mwisho hatari mbili (mradi wa barabara, mafuriko, chochote ulichokiona). Taja tarehe na saa ulizopima. Ambatanisha na barua. Kwenye CV, badala ya "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo", andika "nimepima eneo la rejareja Ubungo, ripoti imeambatanishwa". Msaili atauliza kuhusu ripoti, na hapo mnazungumza kitu unachokijua.

#22 Mezani TRA
Ni ushauri mzuri kwa sekta binafsi. Serikalini haitamsaidia hatua ya mchujo. Ajira Portal wanaangalia barua iliyosainiwa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita na vya taaluma. Hati ya matokeo au matokeo ya muda hayapokelewi, na wengi wanaanguka hapo. Jina likitofautiana kati ya cheti na NIDA, rekebisha kisheria mapema, usisubiri uitwe usaili. Ripoti yako itakufaa ukifika usaili wa ana kwa ana.

#23 Upande wa Jioni
Naongeza kwa kijana: kwenye ripoti usimsifie mwajiri eneo. Mwambie pia eneo ulilolikataa na sababu. Anayejua kukataa fremu ndiye anayeokoa hela ya kampuni.

#24 Graduate Mabibo
Asanteni sana kaka zangu. Naanza na Mabibo hapa hapa.

#25 Kona ya Likoma
Mabibo karibu na soko la ndizi? Hesabu yako itachafuka, wengi pale ni wabebaji na madereva wa malori. Watenge kwenye jedwali lako.

Nirudi kwenye mada. Bado nasema vichwa havina maana kubwa. Angalieni Ubungo. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, maduka yaliyoishi kwa abiria yalikosa wateja bila kosa lolote la kupima. Kipimo chako kingekuwa sahihi Novemba na kikawa uongo Machi.

#26 Pima Kwanza
Kuhama kwa stendi kulitangazwa, mkuu. Stendi ya Mbezi ilijengwa watu wanaona. Kupima ni pamoja na kuuliza kinachowaleta hao watu: stendi, shule, ofisi, soko, kiwanda. Kama ni kitu kimoja tu, andika pembeni kwamba kikiondoka umekwisha.

#27 Mbagala Rangi Tatu
Machinga je? Oktoba 2021 waliondolewa barabarani. Kuna wenye maduka walifurahi mlango kuwa wazi, kisha wakaona hata watu wamepungua. Wengine mauzo yalipanda. Mtaa ule ule.

#28 Hesabu Kali
Inategemea bidhaa. Aliyeuza kitu kile kile na machinga alipata nafuu. Aliyekuwa akipata mteja aliyevutwa na machinga akaingia dukani kutafuta saizi nyingine, huyo alipoteza.

#29 Kona ya Likoma
Hilo ndilo nalolisema tangu #2, washindani wanaleta watu.

#30 Pima Kwanza
Na mimi tangu #1 nasema mtagawana hao hao. Duka la sukari si duka la simu.

#31 Mama Sahani
Wakuu, swali la mwisho kwangu. Nina fremu mbili mezani za mgahawa mdogo. Ya kwanza Sinza, 350,000, bomba liko ndani, upande wa asubuhi. Ya pili Mwananyamala, 250,000, maji uani, njia ya jioni, karibu na hospitali. Wanataka miezi sita zote.

#32 Fundi Volti
Sinza. Kuingiza bomba, karo na shimo la maji machafu kwenye ile ya pili kutakula tofauti ya 600,000 ya miezi sita, na mwisho wa mkataba hivyo vyote ni vya mwenye nyumba.

#33 Upande wa Jioni
Mwananyamala. Hospitali inakupa chai asubuhi, chakula cha mchana kwa wauguzi na ndugu wa wagonjwa, na uji jioni. Sinza upande wa asubuhi unauza mpaka saa 4, halafu unawalipa wapishi kukaa.

#34 Mezani TRA
Dada, kabla hujachagua, mpigie mwenye ile ya Mwananyamala. Muulize kama atakubali gharama za bomba zikatwe kwenye kodi, na kama 250,000 ni kabla ya zuio. Akikubali yote mawili kwa maandishi, mwite afisa afya wa kata aione kabla hujalipa.